Jiko la Mpira

Suti yangu ya kuingia nayo baharini niliipata soko la Kongowea, kwenye rundo la mitumba, imelaliana na makoti mazito ya baridi ambayo hadi leo sijui Mombasa huyanunua nani. Nyeusi, ya mpira, mikono kamili, miguu hadi vifundoni, zipu mgongoni na ugwe mrefu wa kuivutia. Muuzaji mwenyewe hakujua ameshika nini. "Dada, hii ni ya wale wa pikipiki za mashindano," akaniambia, akataja elfu mbili. Tukavutana. Niliondoka nayo kwa mia tisa, nimeisokomeza mfukoni kama mtu aliyeiba.

Nilikuwa nimeitafuta kwa miezi. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, nyumba ambayo ukipanda darini bahari iko mbele yako, na kuogelea nimejifunza nina miaka 31. Aliyekulia kwetu hatashangaa. Kaka zangu walijirusha majini tangu wadogo. Sisi wasichana tulikaa juu ya ukuta tukiwashikia viatu. Nilijifunzia kwenye bwawa la hoteli moja Nyali, saa za wanawake, mtu mzima nimeng'ang'ania ukingo na vitoto vya miaka sita vikinipita. Miaka miwili baadaye nikatoka bwawani nikaingia baharini, na huko ndiko nilikoupata huu ugonjwa wa masafa: kwanza kilomita moja, kisha mbili, kisha kuamka usiku wa manane kuangalia jedwali la maji kujaa na kupwa.

Watu niliwaambia naitaka suti kwa ajili ya stara. Si uongo, ila haukuwa ukweli wote. Ukiwa mita mia tano kutoka ufuoni, chini yako mwani mweusi na kando yako hapana mtu, akili huanza kukuuliza maswali ambayo nchi kavu haikuulizi. Miguu yangu ilikuwa ikizama. Kila nikichoka ndivyo inavyozidi kuzama, na kila inavyozama ndivyo ninavyochoka. Nilikuwa nimesikia kwamba suti ya mpira haizami hata ukitaka. Hilo ndilo nililolinunua kwa mia tisa, stara nikaipata juu yake kama bakshishi.

Na stara yenyewe ilikuwa na mgogoro. Mama aliniona nimeivaa sebuleni, najaribu kuinua mikono. Akanizunguka mara moja, kimya, kama anayekagua mbuzi wa kuchinja.

"Sasa hii imefunika nini? Imekupaka rangi tu."

Nikalazimika kuvaa fulana pana juu ya suti, na buibui juu ya fulana hadi kwenye maji. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akinipokea buibui ufuoni na kunisubiri nalo mwisho wa safari. Wauza madafu walituzoea.

Lakini majini, loo! Siku ya kwanza nilielea kama kifuu. Neopreni, ndiyo iliyotengenezewa suti hizi, ni mpira uliojaa vipovu vidogo vya gesi, na vipovu hivyo hufanya kazi mbili: huzuia joto la mwili lisitoke, na hukuinua. Miguu yangu ambayo miaka yote ilikuwa ikiburuta nyuma kama nanga ilipanda juu yenyewe. Kilomita moja iliyokuwa ikinichukua dakika 28 nikaimaliza kwa 24. Nilijiona nimekuwa muogeleaji. Mabega yalilalamika kidogo, kwa kuwa suti ile haikuwa ya kuogelea. Ilikuwa ya wale wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao, na hao hawazungushi mikono mara elfu tatu kwa saa. Shingoni pia ilinichubua, chumvi na mpira zikisaidiana. Nikapaka mafuta ya mgando, nikaendelea. Joto nililisikia, ila nilikuwa nikiogelea nusu saa, dakika arobaini, kisha natoka. Sikulitilia maanani.

Mwezi wa Januari nikapanga kutoka Nyali hadi ufuo wa umma wa Bamburi, pale Pirates, kilomita nne na ushei kwa hesabu yangu, ndani ya mwamba. Hapa nieleze jambo ambalo wageni hulikosea. Pwani yetu ya kaskazini, kati ya ufuo na mwamba, maji yakipwa wakati wa bamvua, yaani siku zile yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huogelei. Unatembea, magoti nje, ukikwepa miiba ya baharini. Na bamvua kwetu hujaa alfajiri, saa kumi, saa kumi na moja, kisha asubuhi yote inakwenda kupwa na maji yanavuta kwenda nje kupitia milango ya mwamba. Kwa hiyo mtu wa masafa hutafuta maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana, na hayo hujaa kwenye saa nne au saa tano ya asubuhi. Jua nalo saa hizo liko wapi? Liko juu ya mgongo wako.

Tulimkodi mzee mmoja wa Bamburi mwenye ngalawa, mvuvi, rafiki wa marehemu baba. Mimi humwita Ami. Aliniangalia nikivutwa zipu na mpwa wangu, akatafuna mswaki wake, hakusema neno. Nikaingia majini saa tatu na nusu. Kaskazi ilikuwa imetulia, maji safi, samaki wadogo wa mistari chini yangu. Kipimajoto nilichokifunga kwenye ngalawa kilisoma nyuzi 29.

Kilomita ya kwanza ilikuwa raha. Ya pili nikaanza kusikia mapigo ya moyo masikioni. Nikanywa maji ya dafu kutoka chupa iliyofungwa ugwe, nikaendelea. Ya tatu sina kumbukumbu nayo nzuri. Nakumbuka kichwa kilikuwa kikigonga, halafu jambo la ajabu: nikasikia baridi. Vinyweleo vikanisimama ndani ya mpira, na nikajiambia, alhamdulillahi, angalau nimeivaa suti. Nilikuwa naungua, na mwili umenichanganyia habari. Nakumbuka pia nikipinda kuelekea mwambani badala ya kwenda sambamba na ufuo, na Ami akiniita, na mimi nikimuona ananisumbua bure.

Alinifuata, akanizibia njia kwa mrengu wa ngalawa. Nikaushika. Nikatapika dafu lote. Yule mzee, ambaye maisha yake yote hajamshika mkono mwanamke asiye wake, aliukamata ule ugwe wa zipu akauvuta mpaka chini, na maji yakaingia mgongoni. Nyuzi 29, maji ya kuogea mtoto, nayo yalinishtua kama ya mtungini. Nikabaki nimening'inia pale, mdomo wazi. Hatimaye Ami akanena.

"Mwanangu, hini ni nguo au ni jiko? Mbona wajipika mwenyewe?"

Safari iliishia hapo. Mpwa wangu aliniongoja Pirates na buibui saa nzima, mpaka alipopigiwa simu.

Wiki ile nililala na kichwa kizito, nikasoma, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kwenda Kongowea. Msuli unaofanya kazi hutoa joto jingi kuliko nguvu, na muogeleaji hana njia ya kulitoa ila kulimwaga majini. Jasho halimsaidii, nchi kavu jasho hupoza kwa kukauka, majini likauke vipi? Maji yakiwa nyuzi 15 humpokonya joto hata asilotaka kulitoa. Yakiwa 29, tofauti na mwili wake ni ndogo, joto latoka polepole. Umfunike na mpira mweusi chini ya jua la Januari, mlango uliobaki nao umefungwa.

Nikakuta pia habari ya Fran Crippen, Mmarekani, muogeleaji hodari wa masafa, aliyefariki tarehe 23 Oktoba 2010 kwenye shindano la kilomita 10 huko Fujairah, Falme za Kiarabu. Alikuwa na miaka 26. Bahari ilikuwa ya moto siku ile, na wenzake walifika mwisho kabla haijatambulikana kuwa yeye hayupo. Baada ya msiba huo ndipo mashindano ya dunia yakawekewa kikomo: maji yakizidi nyuzi 31, hakuna kuogelea. Na Crippen hakuwa amevaa mpira. Habari hii niliisoma mara mbili, kisha nikaenda kumnunulia Ami kilo mbili za kahawa.

Kanuni zenyewe za World Aquatics, shirikisho la kuogelea la dunia, kwa mashindano ya baharini ni nyepesi kuelewa. Chini ya nyuzi 18 suti ni lazima, kati ya 18 na 20 ni hiari, ikifika 20 na kwenda juu ni marufuku. Kipimajoto changu hakijawahi kunisomea chini ya 24 hapa Nyali. Maana yake, swali nililokuwa nikijiuliza, nivae suti au nisivae, halikuwa swali hata kidogo. Mombasa suti ya mpira mzima haina kazi ya joto. Kama wewe unaivaa, jiulize ni kazi gani nyingine umeipa.

Rafiki yangu mmoja tunayeogelea naye, mwanamume mwenye maneno, alifurahi kupita kiasi. "Nilikwambia, anayevaa suti haogelei, anabebwa." Akanitajia Matthew Webb, aliyevuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1875 kwa saa 21 na dakika 45, amejipaka mafuta ya pomboo, na kwamba hadi leo anayetaka jina lake liandikwe kwa kivuko kile huvaa nguo moja ya kuogelea, kofia moja na miwani, basi. Mpira haukubaliwi. Mimi namheshimu Webb, lakini hoja hii imevuka maji ikiwa imepungua uzito. Kule baridi ni sehemu ya mtihani, na suti ni kama kuingia na karatasi ya majibu. Huku kwetu mtihani ni jua na mkondo, na suti haikupi jibu lolote, inakuongezea swali. Kuhusu kubebwa, hata hivyo, alisema kweli, na iliniuma. Nilipoingia majini bila mpira baada ya miezi mitano ya kuuvaa, miguu ilishuka palepale nilipoiacha. Suti haikunifundisha chochote, ilinifichia tu. Nilianza upya, kichwa chini, macho yaangalie mwani na si kule niendako, kiuno kizunguke na mkono. Kazi ya miezi ambayo ningekuwa nimekwisha kuimaliza.

Likabaki la nguo. Burkini ya dukani, lile vazi ambalo Aheda Zanetti alilibuni Australia mwaka 2004, ni zuri kwa kucheza na watoto ufuoni. Kwa kilomita nne ni ndoo. Ile kanzu yake fupi hujaa maji kifuani, ikakuvuta kama umesahau kung'oa nanga. Nikamwendea fundi wa kanzu pale Mji wa Kale anishonee yangu, mzee wa watu, heshima zake. Kunipima hawezi, kwa hiyo vipimo nilipimwa na dada yangu nikamwandikia kwenye karatasi. Ya kwanza ilikuja inafaa kwenda harusini. Ya pili kwapa zilikuwa juu mno, nikarudi nimechubuka kama niliyepigwa kamba. Nikamuonyesha ninavyozungusha mkono, pale pale kwenye kibaraza, na wapita njia wakisimama. Akafikiri. Akachukua chaki akachora kipande cha pembe nne cha kutiwa chini ya kwapa, kama ilivyo kwenye kanzu yenyewe, ili mkono upate nafasi bila mwili kupanuka. Sketi akaikata fupi, akaipasua pande mbili mpaka nyonga maji yapite, na akaishonea vitanzi viwili vya kuifunga kwenye suruali isinipande shingoni. Kitambaa chepesi cha kuvutika, rangi ya samawati iliyokoza. Mishono yote ikawa nje. Mama akaizunguka naye. "Hii sasa ni nguo," akasema, na kwangu hiyo ilitosha kuliko cheti.

Nguo ile inanichelewesha, sikatai. Kilomita moja sasa ni dakika 27. Lakini maji yanapita, joto linatoka, mgongo hauungui jua, na siku zile bahari inapowasha, yavuyavu wamezagaa na nyuzi zao, ninawashwa uso na viganja peke yake wakati yule mwenye maneno anatoka amechorwa mwili mzima kama ramani. Siku hizo huwa hamtaji Webb.

Nisije nikaeleweka kwamba nimeapa kuuchukia mpira. Mwenzetu mwingine alipoamua kwenda Cape Town kuogelea kutoka kisiwa cha Robben hadi Bloubergstrand, kama kilomita saba na nusu, maji ya nyuzi 13 au chini yake, mimi ndiye niliyemwambia anunue suti, na ya kuogelea hasa, nyembamba mabegani, siyo ya Kongowea. Hakutaka. Alitaka kuizoea baridi kwanza. Sasa Mombasa utaizoea baridi wapi? Alinunua barafu ya wauza samaki, yale mapande makubwa, akayatia kwenye pipa uani, akawa anakaa humo hadi kifuani kila jioni baada ya magharibi, na majirani wakidhani ni dawa ya mganga. Wiki ya tatu akaagiza suti. Alivuka nayo, na sijasikia aliyemwambia alibebwa.

Na hapa kwetu pia kuna kusi. Watu wa bara hucheka ukiwaambia umeona baridi Mombasa, lakini maji hunyonya joto la mwili upesi kuliko hewa mara nyingi sana, na nyuzi 25 zinazokupoza kwa raha nusu saa ya kwanza ni zilezile zinazokula mifupa saa ya tatu. Hilo nililijua Agosti iliyofuata, nilipojaribu kilomita saba kutoka Nyali kuelekea Shanzu, upepo mgongoni, mvua za rasharasha. Baada ya saa mbili na nusu majini vidole vilikuwa vimeachana, siwezi kuvibana, na meno yanagongana kila ninapoinua uso kuvuta pumzi. Ndipo nikaikumbuka suti yangu. Si mpira wote ule, nikawaza, labda nikate mikono, nikate miguu, nibaki na kifua tu. Bado nalifikiria, kusema kweli. Vazi jembamba lisilo na mikono, kwa Julai na Agosti, kwa saa zinazozidi mbili. Sioni ubaya wake, na sishindanii cheti cha mtu.

Shida ni kwamba suti sikuwa nayo tena. Mwanzoni mwa Julai, Ami alipita nyumbani na samaki wawili wa changu, akakaa kibarazani, akazunguka na maneno mpaka kahawa ikapoa. Kumbe usiku kule nje ya mwamba, upepo wa kusi na maji yakiruka ndani ya ngalawa, mtu hukauka mifupa.

"Mwanangu," akasema, akiangalia pengine, "lile jiko lako lingaliko?"

Kwa hiyo saa ile nilipokuwa natetemeka mbele ya Shanzu na kuinua kichwa kuitafuta ngalawa, nilimuona amekaa kwenye usukani ndani ya suti yangu ya mia tisa, kikoi kimefungwa juu yake, miguu ya mpira imemkomea chini ya magoti, zipu mgongoni haifungi ng'o. Akanitupia chupa ya chai ya tangawizi na ugwe wake. Nikainywa nimelala chali, mvua ikiniangukia machoni.

"Waitaka?" akaniuliza, akivuta kola.

Nikamwambia hapana, Ami, kaa nayo. Akaitikia haraka sana.